Natoa vitu uani asubuhi, jioni navirudisha vyote

"Dada mshauri, shikamoo. Nina miaka 41, naishi Mikindani kwenye nyumba ya mama yetu aliyefariki mwaka juzi. Ina vyumba vinne na stoo, na kila mahali ni vitu. Masanduku ya khanga za mama, masufuria ya shughuli, mikeka, mashine ya kupulizia mikorosho, viroba vya salfa iliyobaki, mabati ya kaka aliyeko Dar, kabati la mdogo wetu aliyeolewa Nachingwea, vitabu vya watoto tangu darasa la kwanza. Nimejaribu kupanga mara nne. Natoa vitu uani tangu asubuhi, ikifika adhuhuri nimekaa katikati yake sijui nishike kipi, kichwa kinauma, jioni navirudisha vyote ndani vikiwa vibaya kuliko mwanzo. Mara ya mwisho nililia. Mume wangu anasema ni uvivu. Shoga yangu anasema nyumba ina kitu, nimlete mtu aitazame. Mtandaoni wanasema kisichotumika mwaka mzima kitupwe. Desemba tuna harusi ya mpwa wangu na wageni watalala hapa. Je, mimi ni mgonjwa? Na nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa msiba wa mama. Unasema ni mwaka juzi, lakini nausikia katika kila mstari ulioandika, na nitaurudia huko mbele.

Nianze na uvivu, maana ndilo neno lililokuchoma. Mvivu hatoi nyumba nzima uani mara nne. Mvivu anafunga mlango wa stoo, anatandika mkeka barazani, anapiga soga. Wewe umefanya kazi ya kuli siku nne, na kila siku ukaifanya mara mbili, kutoa na kurudisha. Nguvu unazo. Kinachokuishia adhuhuri ni kitu kingine, na nataka tukitazame vizuri kabla sijakwambia la kufanya.

Chukua sufuria moja tu. Umeikuta stoo, haina mfuniko, ukingoni ina alama ya rangi nyekundu. Kabla hujaiweka chini, kichwa kimeshauliza: mfuniko uko wapi? Hii rangi nyekundu ni alama yetu, au ni ya jirani aliyetuazima siku ya arobaini? Inavuja? Kama inavuja, yule fundi wa kuziba masufuria bado yupo? Nikiigawa, dada zangu watasemaje? Hapo ni maswali matano kwa sufuria moja, na umeiweka chini bila kujibu hata moja, ukashika kawa, ambayo nayo ina maswali yake.

Wanaochunguza kumbukumbu ya binadamu wamelipima jambo hili. Mwanasaikolojia Nelson Cowan aliandika mwaka 2001 kwamba akili ya mtu mzima hushikilia kwa wakati mmoja mambo manne hivi. Manne! Ukitoa vyumba vinne na stoo uani, umejiwekea mbele ya macho mamia ya vitu, na kila kimoja kinakuuliza. Kichwa kikizidiwa namna hiyo hakipigi kelele. Kinasimama tu, kama bodaboda iliyoingiwa maji, na wewe unajikuta umekaa katikati ya mali mkono shavuni. Kuamua kunachosha sawasawa na kubeba, tofauti ni kwamba anayebeba anaonekana akitoka jasho na anayeamua anaonekana amekaa.

Nakwambia hivi nikiwa nimeyaonja. Nilipofiwa na shangazi yangu huko Lindi, nilijiona ndiye wa kupanga chumba chake. Nimekuwa muuguzi wa afya ya akili miaka mingi, nimepanga wodi, nimepanga stoo za dawa, sanduku moja la khanga lingenishinda nini? Nililifungua saa tatu asubuhi. Khanga ya tatu kutoka juu ilikuwa na fundo kwenye pindo, na ndani ya fundo noti zilizokunjwa mpaka zikawa ndogo kama kidonge. Harufu ya udi ikatoka. Adhana ya adhuhuri ilinikuta nimekunja khanga tatu. (Noti zenyewe zilikuwa zile za zamani, za matoleo ya 1985 hadi 2003 ambazo Benki Kuu iliziondoa kwenye mzunguko. Muda wa kuzibadilisha uliisha 5 Aprili 2025, na mimi nilizikuta baadaye. Nimezihifadhi hivyohivyo, na fundo lake.)

Sasa isome barua yako kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. Khanga ni za mama. Mabati ni ya kaka. Kabati ni la mdogo wenu. Vitabu ni vya watoto. Masufuria ya shughuli ni ya familia nzima, na nina hakika mawili matatu ni ya watu wa mtaani. Katika vyote ulivyovitaja sikuona kitu ambacho ni chako peke yako. Hukutaja nguo zako wala viatu vyako. Kwa hiyo hapo unapokwama adhuhuri hujakwama kwenye nyumba yako. Umegeuzwa mtunza ghala la watu wasiokuwepo, halafu unajilazimisha kufanya maamuzi ambayo wenyewe hawajakuruhusu kuyafanya.

Wewe ni mtu wa korosho, unajua ghala linavyokwenda. Mtunza ghala hauzi korosho za wakulima. Anapokea, anapima, anaandika stakabadhi, mzigo unasubiri mnada. Hakuna anayemlaumu kwa kuwa hajaziuza. Angelaumiwa kama angezichanganya au zikalowana. Nataka ufanye kazi yako kwa namna hiyo, na nusu ya uzito utashuka leo kabla hujasogeza hata ndoo.

Vya mama vina jambo la ziada. Kwa jinsi ulivyoandika nadhani ninyi ni Waislamu. Basi unajua kwamba mali ya marehemu kwanza hutoka gharama za mazishi na madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na kinachobaki ni cha warithi wote. Khanga ni mali. Sinia ni mali. Watu hudhani mirathi ni nyumba na mikorosho tu, kisha khanga zinagawiwa juujuu na miaka kumi baadaye dada wawili hawasalimiani kwa sababu ya doti moja. Kama hamjakaa kikao, msikitini kwenu yupo wa kuwaongoza. Kama kuna mvutano kuhusu nyumba au shamba, mahali pake ni Mahakama ya Mwanzo, ambako msimamizi wa mirathi huteuliwa. Nimekutana na wengi walioniambia "siwezi kupanga nyumba", na tulipozungumza nusu saa ikaonekana nyumba haina tatizo, ila kikao cha mirathi kinakwepwa na kila mtu.

Turudi kwenye ule ushauri wa mtandaoni, kwamba kisichotumika mwaka mzima kitupwe. Hapa kwetu ukiufuata utajuta. Sufuria la kupikia pilau ya watu mia mbili unaweza usiliguse miaka miwili, halafu siku ya unyago au ya msiba likatafutwa mtaa mzima. Mashine ya kupulizia inatoka wakati mikorosho inachipua na kutoa maua, miezi ya kiangazi, kisha inalala mpaka mwakani. Mikeka kumi ni mingi kwa watu watano, lakini siku ya hitima ni michache. Badala ya kuuliza mwaka, uliza msimu wake: kitu hiki kinangoja msimu gani, na msimu uliopita kilitoka? Kama misimu miwili imepita na hakikutoka, kinangoja mazoea tu, kiache kiende. Kipimo hiki nacho kina udhaifu wake, nisikufiche. Kinampa nafasi mtu anayependa kulimbikiza kusema kila kitu kina msimu. Kwa hiyo kiongezee hesabu. Mashine tatu za kupulizia, moja ikiwa nzima na mbili zikiwa "zitatengenezwa", hizo mbili hazina msimu.

Wala usijione wa ajabu kuwa na boksi lisilofunguliwa. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale Tendaguru, mkoani Lindi, wapagazi wakaibeba kwa miguu mpaka pwani, ikasafirishwa Berlin. Zaidi ya miaka mia baadaye, makumbusho ya huko bado yalikuwa na mizigo iliyofungwa kwa mianzi ya Lindi ambayo haijawahi kufunguliwa. Na wao wana wafanyakazi wa kulipwa.

Kuna ugumu mwingine ambao utaukuta hata kwenye vitu vyako mwenyewe. Mwaka 1990 Daniel Kahneman na wenzake walichapisha jaribio lililofanywa kwa wanafunzi wa chuo huko Marekani. Baadhi waligawiwa vikombe, wengine wakaachwa bila. Waliopewa walitaka bei ya karibu mara mbili au zaidi ya ile ambayo wasio navyo walikuwa tayari kulipa. Kikombe ni kilekile, tena kilikuwa mkononi mwao kwa muda mfupi tu. Kitu kikishakuwa chako kinapanda thamani machoni pako. Dawa yake ni kubadili swali. Usiulize "nitoe?" Jiulize: leo ningekikuta sokoni, ningetoa shilingi ngapi? Ukisikia moyo unasema "nisingetoa hata mia tano", umeshajijibu. Swali hili tumia kwa madumu, viatu, masufuria yaliyotoboka. Kwa khanga za mama usilitumie, halipimi chochote pale.

Mumeo sasa. Sitaki kumgombanisha na wewe, lakini kuna utafiti wa Los Angeles uliochapishwa 2010, wa Darby Saxbe na Rena Repetti, ambao ningependa umsomee. Waliwachunguza watu 60, yaani wake na waume wa familia 30 ambazo mume na mke wote wanafanya kazi. Waliwaomba wanandoa waizunguke nyumba yao wakiielezea kwa maneno yao, kisha wakapima kwenye mate homoni ya kotisoli, ile inayopanda mtu akiwa kwenye msongo. Kwa kawaida homoni hiyo huwa juu asubuhi na kushuka taratibu kadiri siku inavyokwenda. Kwa wanawake walioielezea nyumba yao kuwa imejaa vitu na kazi zisizokwisha, haikushuka vizuri, na hali ya moyo wao jioni ilikuwa nzito zaidi. Kwa waume jambo hilo halikujitokeza kwa nguvu hiyo. Utafiti huu hauthibitishi kwamba vitu ndivyo vinavyoleta msongo. Yawezekana mwenye msongo ndiye anayeviona. Lakini unaeleza kwa nini watu wawili wanaweza kulala chumba kimoja, mmoja akaona mabati na mwingine akaona ukuta. Usimwombe akubali kwamba unateseka. Mpe kazi yenye mwanzo na mwisho: "Jumamosi naomba uyahamishe mabati, uyasimamishe nyuma ya choo." Wanaume wengi wanaosema "ni uvivu" wanakwepa kusema "sijui nisaidie nini".

Na shoga yako anayesema nyumba ina kitu? Kama moyo wako unatulia kwa dua, soma dua, iteni watu msome. Hiyo haigongani na lolote ninalokwambia. Ila akitokea mtu anataka laki moja ili "akitoe", fedha hiyo inunulie magodoro ya wageni. Nyumba yako ina kitu kweli, tena kina miguu sita. Mbu anayeambukiza dengi hutaga kwenye vyombo vinavyokamata maji: makopo, tairi kuukuu, ndoo zilizopasuka nusu, vifuu. Mayai yake hukaa makavu kwa miezi, mvua ikinyesha yanaanguliwa. Mvua zetu zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, yaani ndizo hizo zitakazowakuta wageni wako. Weka na panya, nge, na nyoka anayemfuata panya, na una sababu ya kutosha ya kuanzia uani.

Basi tuanze. La kwanza kabisa: usitoe vitu nje tena. Kosa lililokumaliza mara zote nne ni hilo. Fanyia kazi palepale vilipo, kwenye eneo la ukubwa wa mkeka mmoja. Kilichobaki chumbani kifunike kwa shuka kuukuu kama kinakukodolea macho. Sikutanii, kitu usichokiona kinauliza maswali machache.

Siku za mwanzo, shika visivyohitaji kuamua. Makopo yaliyopasuka, chupa, viatu visivyo na mwenzake, vifuniko vya ndoo ambazo hazipo, magazeti yaliyoliwa na mchwa. Dakika ishirini baada ya Alasiri, jua likiwa limepungua, kiroba kimoja, kikijaa unaacha. Unaacha hata kama bado una hamu. Najua utaona ni kidogo mno kwa nyumba kama hiyo, na siku ya tatu utataka kurudia mtindo wa kutoa vyote. Vumilia wiki mbili. Kiroba kimoja kwa siku ni viroba kumi na vinne, na ukiwa na viroba kumi na vinne vya takataka mlangoni hakuna atakayesema hujafanya kitu. Chuma chakavu kiweke pembeni, wanunuzi wanapita na mikokoteni.

Baada ya hapo ndipo vya wenyewe. Chagua kona moja, iwe ya stoo. Nunua daftari na kalamu ya wino mzito. Kila kitu cha mtu mwingine kiandike jina lake, kipige picha, kiandike kwenye daftari na tarehe. Hiyo ndiyo stakabadhi yako. Kisha tuma ujumbe, mmoja kwa kila mtu, usitume kwenye kundi la familia ambako watajibu "Mungu akubariki dada" na mambo yakaishia hapo. Andika hivi:

"Kaka, shikamoo. Haya ni mabati yako, nimehesabu 14, mawili yana kutu. Tunaandaa nyumba kwa harusi. Naomba uniambie kati ya mambo mawili: nimtafute fundi ayanunue nikutumie hela, au umtume mtu ayachukue. Naomba jibu kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo."

Ona nilichokifanya pale. Umempa njia mbili na siku. Ukimwuliza "nifanyeje na mabati?" umemrudishia lile swali lililokushinda wewe, na yeye yuko Dar, hayaoni, atakwambia yaache tu kwanza. "Yaache kwanza" ndiyo iliyoijaza nyumba yako.

Harusi nayo ipunguze kwenye kichwa chako. Wageni hawahitaji nyumba nzima. Wanahitaji chumba kimoja au viwili vyenye sakafu tupu, njia ya kwenda chooni usiku bila kujikwaa, na mahali pa kutundika nguo. Hesabu magodoro, pima kwa hatua, ujue unahitaji vyumba vingapi. Vingine fungeni milango. Nani atauliza?

Utaniuliza kwa nini usiite vijana wenye guta wakamaliza kwa siku moja. Swali zuri, na jibu langu limebadilika. Zamani niliwahi kumshauri mama mmoja hivyohivyo. Nilikuwa na haraka, naye alikuwa amechoka kama wewe. Vijana walikuja wanne, saa nane mchana nyumba ilikuwa nyeupe. Wiki iliyofuata alikuja kwangu analia: bahasha yenye karatasi za mauziano ya shamba ilikuwa chini ya magazeti, imekwenda nayo. Tulikwenda dampo, hatukuikuta. Kwa hiyo vijana waiteni kubeba kilichokwisha kuamuliwa. Viroba vikijaa mlangoni, mabati yakipata jibu, hapo guta ni msaada mkubwa na inaokoa mgongo. Kuamua wasikuamulie.

Wengi pia huweka tumaini kupita kiasi kwenye kuuza. Vyombo vya plastiki na nguo kuukuu havileti kitu, na kabati "linalosubiri mteja" linaweza kusubiri mpaka mjukuu aolewe. Kama hakijanunuliwa ndani ya wiki mbili, kigawe.

Karatasi ziache mwisho, lakini tangu leo ziwe na ndoo yake safi yenye mfuniko. Kila karatasi unayokutana nayo, tumbukiza humo bila kuisoma. Siku utakayokaa nazo, mbele ya kila kitu tafuta vyeti vya kuzaliwa na cha kifo cha mama, vyeti vya shule, karatasi za shamba na nyumba, stakabadhi za korosho, kadi za bima. Kama familia ina biashara yenye namba ya mlipa kodi, kumbukumbu zake hutakiwa kutunzwa miaka mitano.

Salfa niizungumzie peke yake kwa sababu ina hatari. Poda hiyo ya kuzuia ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, isikae chumba wanacholala watu, wala karibu na unga au jiko. Kama mifuko ni mizima na mikavu na muda wake haujapita, ihifadhi juu ya mbao msimu ujao. Kama imelowana au hujui ni ya lini, muulize afisa ugani wa kata, au watu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, ambao kazi yao ni korosho. Usiichome moto uani. Salfa ikiungua hutoa hewa inayobana kifua, na mwenye pumu inaweza kumlaza hospitali. Chupa za viuatilifu vya maji zitoboe, zisije zikawekewa mafuta ya taa au, Mungu apishe mbali, maji. Dawa za mama zilizobaki zipeleke kwenye famasi ya hospitali, usizimwage chooni wala usizigawe kwa mwenye presha mwingine.

Sasa lile ulilouliza kwa sauti ndogo: mimi ni mgonjwa? Kuna ugonjwa wa kulimbikiza vitu. Shirika la Afya Duniani limeuweka kama ugonjwa unaojitegemea kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika 2022. Mwenye nao anashindwa kuachana hata na kopo tupu, anapata hofu kali ukiligusa, na vyumba vinafika mahali havitumiki, kitanda hakilaliki, jiko halipikiki. Mara nyingi wanaoumia ni walio karibu naye, mwenyewe anaona sawa. Wewe unataka vitoke na unaniuliza pa kuanzia. Kwa ulichoandika, sioni ugonjwa huo.

Ninachokiona, na siwezi kukithibitisha kwa barua, ni msiba ambao haujapata nafasi yake. Mama alifariki, ukahamia au ukabaki kwenye nyumba yake, ukawa mwangalizi, na kila ukigusa kitu unamgusa yeye. Hilo si ugonjwa. Lakini msiba unaweza kugeuka sonona, na sonona inajificha vizuri sana nyuma ya maneno kama "nimechoka tu". Kwa hiyo jipime kwa ukweli. Kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, umekuwa na huzuni au hufurahii hata yale uliyokuwa ukiyapenda? Usingizi umekukimbia au umezidi? Chakula hakipiti? Unajiona huna thamani? Kuoga kumekuwa kazi? Kama majibu mengi ni ndiyo, usingoje nyumba ipangike kwanza. Mikindani uko karibu na Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, na mjini ipo Ligula. Wa Lindi wanaonisoma wana Sokoine. Fika mapokezi uulize huduma ya afya ya akili, huhitaji kueleza zaidi ya hapo. Waombe pia wakupime damu. Mwanamke wa miaka 41 anaweza kuwa na upungufu wa damu miezi mingi akidhani ni uvivu, na vidonge vikamsaidia kuliko ushauri wangu wote huu.

Na kama hata mara moja limekujia wazo la kwamba bora usingekuwepo, acha kusoma hapa. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi na mwende hospitali leo, hata iwe usiku.

Limebaki sanduku la khanga. Hilo usilifungue peke yako, na usilifungue kabla ya harusi. Mdogo wenu wa Nachingwea atakuja Desemba, na dada zako wengine kama wapo. Siku moja baada ya shughuli, wageni wakiwa wameondoka na masufuria yakiwa bado yanakauka uani, tandikeni mkeka sebuleni, chemsheni chai, mlifungue pamoja. Kila mmoja achukue doti moja kwanza, kwa zamu, bila maelezo. Kisha zinazobaki mtazungumza. Mtakaa mpaka Magharibi na hamtafika nusu ya sanduku, na mtacheka na kulia. Funikeni, mtaendelea siku nyingine. Angalieni mapindo.

Na kaka akikaa kimya kuhusu mabati mpaka hiyo Ijumaa ipite, niandikie tena.